Mbegu ya Moshi ya Bi Nyevu

Paukwa! Mbona mnajibu kama mliofiwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanasalimiana njiani, alikuwepo mama mmoja jina lake Bi Nyevu. Shamba lake lilikuwa kijisehemu tu nyuma ya jiko, wala hakutaka zaidi. Kila mavuno alichagua mahindi mekundu yaliyonona, akayaning'iniza juu ya mafiga yakapigwa moshi, fukusi wasiyaguse. Mbegu hiyo alipewa na mamake, na mamake naye alipewa na mamake, maana kwao binti haolewi mikono mitupu. Hutoka na mbegu ya moshi wa jikoni kwao. Na mwaka huo Dama, bintiye wa pekee, alikuwa anaolewa.

Ng'ambo ya ua aliishi Ngiri. Yeye alinunua mbegu kwa Nguchiro, mchuuzi wa tajiri mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Tajiri huyo alizigeuza mbegu kiini, hata funza akaziogopa. Mahindi yake yalikuwa ya manjano, na sharti lilikuwa moja: ukivuna, kula, usiweke mbegu, rudi ununue. Ngiri akakubali upesi. Kuweka akiba na Ngiri wapi na wapi?

Mavuno yakafika. Bi Nyevu akamenya hindi: punje nyekundu, manjano, nyekundu, manjano. La pili, vilevile. La tatu, vilevile. Moyo ukamwenda mbio. Lakini akachagua yaliyonona, akayatia moshini, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

Siku ya harusi Nguchiro akaja, akachungulia jikoni, akatazama juu.

"Hiyo ni mbegu yetu," akasema.

"Mimi sikununua kwako."

"Ndiyo maana ni wizi, mama."

Maskini Bi Nyevu akachanganyikiwa. Akamwendea Ngiri: "Ya nani hii?" Ngiri akasema yeye anakula tu. Akamwendea Nyuki, anayetua maua ya mashamba yote mawili: "Ya nani hii?" Nyuki akasema yeye anapita tu. Akauliza Upepo: "Ya nani hii?" Upepo ukasema wenyewe unavuma tu. Na wote walisema kweli, hilo ndilo lililomchosha.

Akarudi, akapukuchua yote, nyekundu ungoni, manjano kikapuni. Akamsogezea Nguchiro kikapu. Nguchiro akatabasamu.

"Hata hizo nyekundu zina yetu ndani. Jicho halioni."

"Basi yangu ni ipi?"

Nguchiro akakuna shingo. "Hilo sikutumwa," akasema, akaenda kumwita tajiri wake.

Uani vigelegele vimeshaanza. Dama akaingia, akatandaza upindo wa kanga. Bi Nyevu akashika ungo. Akimpa, anamtwisha mwanawe wizi. Asipompa, anamtoa kama mtoto asiye na kwao.

"Mama, kule wakiniuliza mbegu ya nani, niseme nini?"

Bi Nyevu naye alimwuliza mamake hivyohivyo, akajibiwa kabla hajamaliza. Sasa yeye akauinua ungo. Akamimina punje zote upindoni, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Sema umepewa na mama yako," akasema. "Zaidi ya hapo, mwanangu, sijui."

Hadithi yangu imeishia hapo, na msinitazame mimi. Ajuaye ilikuwa ya nani, aseme.