Nguchiro Arudi Bwawani kwa Jezi ya Kilimani

Hapo kale sana, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, walioana na kucheza kandanda kila Jumapili, timu ya Bwawani ilikuwa na mshambuliaji mmoja aitwaye Nguchiro.

Alikuwa mdogo kiasi cha kupita chini ya tumbo la beki bila kuinama. Akiugusa mpira, ti-ti-ti, mabeki walikaa chini mmoja mmoja kama waliokaribishwa mkekani. Bwawani hawakuwahi kuona mchezaji kama yeye.

Wala hawakuwahi kuona msumbufu kama yeye. Alimng'ata refa mkia. Mazoezini alikuja siku anazojisikia. Siku ya fainali walimsubiri mpaka kipenga kikalia, pyiii, kumbe mwenzao yuko harusini kwa binamu yake, anakata kiuno. Wakafungwa. Alipoulizwa, alivua jezi, akaikanyaga matopeni, akahamia kwa mahasimu wao, Kilimani.

Aliyeumia kuliko wote ni Kiboko, mwenyekiti wa mashabiki wa Bwawani. Alipiga marufuku jina la Nguchiro kutajwa nyumbani kwake. Kisha kila akikaa kula, yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja.

"Mshenzi yule," alikuwa akisema huku akimega ugali. "Hana shukrani. Lakini lile bao alilowafunga Fisi, Mama Watoto, unalikumbuka?"

"Nalikumbuka," mkewe alijibu. "Ulinisimulia jana."

Msimu ukafika ukingoni. Mechi ya mwisho ilikuwa Bwawani na Kilimani. Bwawani walihitaji sare tu. Wakifungwa, wanashuka daraja.

Kiboko akaitisha mkutano wa mashabiki, akazungumza mpaka povu likamtoka. Wakakubaliana Nguchiro azomewe tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Tembo na Kifaru, mabeki wa timu, wakaambiwa wasimpe hata nafasi ya kupumua.

Siku mbili kabla ya mechi, mchana, Kiboko akasikia hodi. Akafungua mlango. Nguchiro huyo, amesimama kwa adabu, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu."

Kiboko alikusudia kumfukuza. Badala yake alijikuta akisema, "Marahaba. Mbona umekonda? Huko Kilimani hawakupikii?"

"Wananipikia, mzee, ila chakula hakipiti. Nimewakumbuka." Nguchiro akashusha sauti. "Jumapili sitaki kuifunga timu yangu. Nitapiga juu, nitapiga pembeni. Ila nina udhaifu mmoja. Nikizomewa, hasira hunipanda, na zikinipanda miguu hainisikii tena. Inafunga yenyewe."

"Sasa unataka tufanyeje?"

"Mnishangilie tu. Na akina Tembo wasinisogelee sana, wasije wakanichokoza. Kilimani watadhani sina bahati. Msimu ujao narudi nyumbani."

Mama Kiboko, mkewe, alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. "Nguchiro, hata kabla ya fainali uliahidi, na hukuja."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Ilikuwa mwaka jana."

"Mwache, mke wangu," Kiboko akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika kabisa. "Kila mtu hukosea. Hujasikia amesema nyumbani?"

Kiboko akawapelekea mashabiki habari. Nyati alisema jambo hili halimwingii akilini. Lakini aliposikia "msimu ujao anarudi", naye akaanza kuuliza atapewa jezi namba gani. Tembo na Kifaru waliambiwa wampe mgeni nafasi, nao kwa kuwa walikuwa wavivu wa kukimbia, hawakubisha.

Jumapili ikafika. Nguchiro aliingia uwanjani kwa shangwe ambazo hata kwenye harusi yake asingezipata. Kipindi cha kwanza alipiga shuti, fyuu, likapaa juu ya miti. Akamkonyeza Kiboko jukwaani.

"Mmeona?" Kiboko akawaambia wenzake, kifua mbele. "Mtoto wetu."

Kipindi cha pili Nguchiro akapokea mpira. Tembo akasogea kando kwa heshima. Kifaru akapigwa tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yake. Chwaa, nyavuni.

Mashabiki wakamgeukia Kiboko.

"Ameteleza," Kiboko akasema. "Shangilieni zaidi, labda hakusikia vizuri."

Wakashangilia zaidi. Nguchiro akafunga la pili.

"Kuna mtu amemzomea," Kiboko akasema, akigeuka nyuma. "Nani amezomea? Pigeni ngoma!"

Wakapiga ngoma, du-du-du, mpaka ngozi ya ngoma moja ikapasuka. Nguchiro akamvisha Tembo kanzu, mpira ukapita juu ya kichwa cha Tembo, ukamshukia Nguchiro begani, akauzungusha, akaupiga kisigino. Bao la tatu. Lilikuwa zuri mno. Kiboko alijikuta amesimama, anapiga makofi, machozi yanamtiririka, na hakujua kama ni ya furaha au ya uchungu. Kushoto na kulia wenzake nao walikuwa wamesimama.

Kipenga cha mwisho kikalia. Bwawani wameshuka daraja.

Kiboko akateremka hadi kwenye kamba iliyozunguka uwanja. "Nguchiro, si ulisema ukizomewa ndipo unafunga?"

"Nilisema, mzee." Nguchiro alikuwa anajifuta jasho. "Ukweli ni kwamba nikizomewa miguu hulegea, hata pasi ya hatua mbili siiwezi. Niliposikia mnajiandaa kunizomea, nikaona nije mapema."

Kiboko akaishika kamba. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, anasikia yote.

"Na kurudi nyumbani je?" Kiboko akauliza taratibu.

"Daraja la chini, mzee wangu?" Nguchiro akacheka, akaenda zake akipiga mluzi.

Nyati na wenzake wakaja mbio, wakamzunguka Kiboko. "Mwenyekiti, amesemaje? Anarudi?"

Kiboko akazitazama nyuso zao. Ukweli ulikuwa pale pale mdomoni.

"Amesema atafikiria," akajibu.

Mashabiki wakashusha pumzi, wengine wakakumbatiana. Mama Kiboko akajifunga kanga vizuri, akatangulia kwenda nyumbani peke yake.

Funzo lake, wanangu, ni kwamba laghai hapati taabu kumdanganya anayetamani kudanganywa.