Chazo Ubavuni mwa Lali

Chazo havutwi mkia, husukumwa mbele. Juzi mjomba wenu Lali aliwaambia maneno hayo mlipokuwa mnamvuta mdogo wenu miguu atoke chini ya kitanda. Mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Kwa kuwa mwezi ujao mnaanza kuzamia pamoja naye, nayaandika ili myaweke. Yalianza hivi, na mimi nilikuwepo.

Kijijini kwetu Mtangamkuu kulikuwa na uvumi: yule samaki chazo akimganda mtu, bahari imeshamtia alama, na chombo kitakachombeba mtu huyo hakifiki pwani. Ukiuliza ni nani aliyekufa hivyo, hakuna anayemjua. Lakini mimi sikuweza kuutoa kichwani. Lali ni mdogo wangu, na alikuwa akizamia majongoo ya bahari. Kila alipotoka, uvumi ule ulinijia jikoni, nikaunguza mikate.

Siku moja maji yalikuwa yametoka. Sisi wanawake tulikuwa juu ya mwamba tukichokoa pweza, na wazamiaji walikuwa ukingoni mwa mwamba huo, mashua yao ikielea karibu. Mara Lali akaibuka akipiga kelele. Samaki mrefu mweusi alikuwa amemganda ubavuni.

Chazo ana kitu kichwani kama soli ya raba, na hicho ndicho anachogandia. Humganda papa, kasa, hata mashua, akabebwa bure. Ndiyo maana tukimwona chazo, twajua huenda papa hayuko mbali.

Lali akashika ukingo wa mashua. Nahodha Famau akamsukuma kwa upondo, ule mti wa kuendeshea mashua.

"Usipande! Wewe umeshaandikiwa. Mtoe huyo kwanza!"

"Nimtoe vipi, nahodha? Nivue ubavu?"

Wazamiaji wawili wakamshika chazo mkia, wakavuta. Chazo akazidi kuganda. Ngozi ya Lali ikachubuka, damu ikaingia majini. Na maji nayo yalikuwa yameanza kujaa. Nilisimama na kijiti changu cha pweza, uvumi ukiniambia: ndiyo leo.

"Vuteni!" Famau alifoka. "Vuteni mkia!"

Neno hilo ndilo lililoniamsha. Marehemu baba yetu alikuwa mvuvi wa kasa, kabla kuwavua hakujakatazwa. Alikuwa akimfunga chazo kamba mkiani, anamwachia amgande kasa, kisha anaivuta kamba. Kadiri alivyovuta ndivyo chazo alivyong'ang'ania, mpaka kasa akafika chomboni. Na kumbandua chazo mgongoni mwa kasa ilikuwa kazi yangu mimi, maana ilibidi atoke mzima, kesho afanye kazi tena.

Wale wanaume walikuwa wakimvua ndugu yangu kama kasa!

Nikatupa kijiti, nikajitosa na kanga yangu.

"Achieni mkia!"

"Mwanashee, rudi!" Famau alinikemea. "Hii si kazi ya wanawake."

"Ni kazi yangu tangu nina miaka saba. Achieni, nasema!"

Wakaachia. Lali alinitazama. "Dada, nakufa?"

"Unanipotezea pweza wangu tu. Tulia."

Nikaweka kiganja nyuma ya kichwa cha chazo, nikamsukuma polepole kule inakoelekea pua yake. Sikuvuta hata kidogo. Akateleza, akabanduka kama sahani yenye sabuni. Akazunguka mara moja, akapita chini ya mashua, akaganda hapo hapo, chini ya miguu ya nahodha!

Shoga yangu Mwanaidi aliona, akapaza sauti kutoka mwambani:

"Nahodha! Chazo amekiganda chombo chako! Haya shuka, nawe umeshaandikiwa!"

Wazamiaji walicheka mpaka wakameza maji. Famau akaitazama damu, akaitazama mashua yake, akatutazama sisi. Kisha akaweka upondo chini, akamnyooshea Lali mkono.

"Panda, mwanangu."

"Na chazo je?"

"Naye abiria."

Tulipiga vigelegele mpaka pweza wakarudi mashimoni. Mashua ikafika pwani salama, Lali juu, chazo chini. Na ule uvumi haukutamkwa tena Mtangamkuu, maana mwenye kuutamka aliambiwa akamuulize Famau.

Tangu hapo, mtu akishindana na jambo, na kila akilivuta linazidi kumganda, sisi humwambia: chazo havutwi mkia, husukumwa mbele.

Sasa, wanangu, haya ndiyo ya kuepuka:

Msivute mkia wa chazo.

Msimtie kisu akiwa mwilini mwa mtu. Kisu hakichagui nyama.

Msizamie peke yenu, hata kama bahari imetulia.

Mkitoka damu, msibaki majini.

Msimnyime mtu chombo kwa sababu ya maneno ya watu.

Na msiondoke nyumbani bila kuniambia.