Muuza Dawa Aliyempeleka Mteja kwa Jirani

Inasimuliwa, na Mola ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika soko la Basra ya kale walikuwako wauza dawa wawili waliopakana ukuta, Muzahim na Abu Rajaa. Muzahim alikuwa mtu wa swala na saumu, lakini husuda ilimkaa kooni. Rafu zake zilijaa, ulimi wake ulikuwa mtamu, na aliyeingia kwake hakutoka mikono mitupu. Abu Rajaa, Mola amrehemu, alimuuliza mgonjwa hali yake kwanza, na mara nyingi akamwambia, "Huhitaji dawa, ndugu yangu. Kapumzike, ule vizuri." Mtu akaondoka bila kununua kitu. Na bado watu walijaa kwake!

Jambo hilo lilimchoma Muzahim. Hata akisujudu, masikio yake yalisikiliza ndara za wateja mlangoni kwa jirani. Mwishowe akaanza kunong'ona sokoni, "Hauzi kwa sababu hana cha kuuza."

Siku moja alimwona bibi kizee akiingia kwa Abu Rajaa huku akikohoa. Alipomtazama vizuri, alikuwa mama yake mzazi. Akajibanza ukutani kusikiliza, wivu ukimtafuna.

Abu Rajaa alisema, "Mama, kifua hiki kinataka habasoda na asali. Habasoda yangu ni ya mwaka jana, imekwisha nguvu. Nenda kwa mwanao. Yake ni mpya, na soko zima hakuna iliyo bora kuliko hiyo."

Muzahim akarudi upesi dukani. Mama alipofika, Muzahim alimuuliza kwa uchungu, "Mama, umenipita mimi mwanao?"

"Mwanangu, wewe hujapata kumwambia mtu kwamba hahitaji kitu. Ningejuaje kama unaniambia kweli?"

Muzahim alimpimia dawa huku machozi yakimtoka, kisha akaenda kwa jirani kukiri maneno yote ya kumsengenya.

"Niliyasikia," alijibu Abu Rajaa, "lakini mama alikuwa anakohoa."

Ndugu zangu, Muzahim aliona wivu juu ya wateja, kumbe alichokikosa ni kuaminiwa, na hicho hakipatikani kwa kumchafua jirani. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi ambazo hata mama zetu hawatazitilia shaka.