Wauguzi Watatu na Siri ya Pilau

Kaeni vizuri, na mwenye kikombe cha chai akiweke chini, maana nikimaliza nitataka jibu na sipendi mtu anijibu huku anatafuna. Hadithi yenyewe ni ya Ujiji. Nimeisimulia mara nyingi, na kila nikiisimulia watu huondoka wamenuniana. Leo ni zamu yenu.

Palikuwa na zahanati iliyokuwa na wauguzi watatu. Kule mtu akionekana na koti jeupe huitwa dokta, kwa hiyo wote watatu waliitwa dokta, na walishachoka kukataa. Wa kwanza ni Gwasa, mwanamume mrefu, mtaratibu wa kupindukia. Kipaji chake kilikuwa utulivu. Hata nyumba ingeungua, Gwasa angeuliza kwanza moto umeanzia chumba gani, na hakuwahi kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima, hata apigiwe kelele namna gani.

Wa pili ni Zawena, na kipaji chake kilikuwa jicho. Ukiingia kwake umevaa viatu vya kuazima, anajua kabla hujaketi. Majirani walimwita mdadisi walipokuwa na hasira naye, na walipopotelewa na kitu walimwita wakimbembeleza.

Wa tatu ni Yusta, mnene, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani. Huyu alijaliwa kufundisha. Hakukubali neno "nimeelewa" kutoka kwa mtu yeyote. Alikuwa akisema watu wengi humwambia muuguzi wameelewa ili awaache waende zao.

Sasa nimlete Bi Tausi, mpishi wa shughuli. Harusi isiyo na pilau yake watu walihudhuria, lakini walikula kwanza nyumbani. Hakuwa na kikombe cha kupimia wala mizani. Alipima kwa kiganja, akaonja kwa ulimi, na kwa miaka arobaini hakuwahi kukosea. Na kulikuwa na dakika moja katika kila pilau ambapo aliwafukuza watu wote jikoni, akabaki peke yake na sufuria, akatia kitu. Kitu gani, hakuna aliyejua. Alifundishwa na bibi yake kwa sharti kwamba amwambie mtu mmoja tu maishani mwake, na huyo naye mmoja. Bi Tausi alikuwa na miaka sitini na minne na hajamwambia mtu. Watoto wake wote walimshinda kwa uvivu wa jikoni, na mkwe wake wa kike alipikia viungo vya pakiti, jambo ambalo Bi Tausi alilihesabu kuwa msiba wa ukoo. Tena alikuwa na presha, mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo siri ile ilikuwa inaning'inia.

Siku ya harusi ya binti mmoja wa mtaa wa pili, sufuria nne zikiwa motoni, Bi Tausi aliinuka kutoka kwenye mafiga kufuata mwiko, akayumba, akaanguka, akazimia. Moyo wangu unashtuka hata leo nikieleza. Watu wakajaa, na kila mmoja akawa daktari. Presha imempanda, walisema, imempanda kwa moshi na kazi. Mzee Rukonge, mjomba wa bi harusi, alipekua mkoba wa mgonjwa, akatoa pakiti ya vidonge, akaagiza maji yaletwe amezeshwe viwili upesi.

Gwasa aliitwa kutoka zahanati, akafika na kipimo cha presha kwapani. Akapiga magoti, akaomba nafasi, akaanza kumfunga Bi Tausi kile kitambaa mkononi. Mzee Rukonge akapandwa na hasira.

"Unapima nini, dokta? Mtu anakufa."

"Napima nijue anakufa kwa nini, mzee."

Akapima. Akapima tena mkono wa pili, watu wakimsonya na kusema vijana wa siku hizi wanajua mashine tu. Presha ilikuwa themanini kwa hamsini. Haikuwa imepanda hata kidogo, ilikuwa imeshuka vibaya, na vile vidonge viwili vingeishusha zaidi. Tena mtu aliyezimia hamezeshwi kitu, kinaweza kumkaba. Gwasa hakubishana. Alichukua pakiti mkononi mwa Mzee Rukonge, akaitia mfukoni mwake, akamsogeza mgonjwa mbali na moto na kumlaza chali, miguu juu ya gunia la mchele. Bi Tausi alipofumbua macho, cha kwanza aliuliza nani anaangalia sufuria ya tatu. Akapakiwa kwenye bajaji hadi kituo cha afya, akatundikiwa dripu, na tabibu wa huko akasema wazi kwamba vile vidonge vingemezwa, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Mzee Rukonge alikwenda kuomba radhi siku ya pili. Nasikia alichelewa kwa sababu alisubiri kwanza pilau iishe.

Hiyo ni kazi ya Gwasa. Ishikeni, tunasonga mbele.

Siku tatu baadaye Bi Tausi aliruhusiwa, akaenda zahanati, na swali likawa moja: presha iliyokuwa ikipanda miaka yote, imeshushwa na nini? Kadi yake iliandikwa kidonge kimoja kila asubuhi. Alipoulizwa, aliapa kwamba anafuata kadi. Wote wakaridhika isipokuwa Zawena.

Zawena hakumkatalia. Alimwambia tu kwa adabu kwamba kesho yake atakwenda kwake, na angependa kuona kila dawa iliyomo ndani ya nyumba, bila kuchaguliwa. Bi Tausi akaona ni upekuzi, lakini mgeni ni mgeni, akamwekea chai na kikapu cha dawa mezani.

Kikapu kile kilikuwa na mambo. Kulikuwa na dawa ya macho iliyoisha muda wake tangu mjukuu yuko darasa la kwanza, na sasa mjukuu yuko sekondari. Kulikuwa na nusu ya dozi ya dawa ya kifua ya jirani, aliyoiazima kama watu wanavyoazimana chumvi. Zawena alitoa kimoja kimoja na kukipanga mezani. Chini kabisa zikatoka pakiti mbili, moja nyekundu na moja ya bluu, kila moja na jina lake kubwa. Ya bluu ilitoka zahanati. Nyekundu aliletewa na mume wa binti yake, Hamimu, ambaye alikwenda duka la dawa mjini, akaeleza mama mkwe anaumwa nini, akanunua kwa mapenzi. Bi Tausi aliamini ya bluu ni ya presha na nyekundu ni ya kumtia nguvu. Kila asubuhi alikunywa kimoja cha bluu, kimoja chekundu, na dhamiri yake ilikuwa safi kabisa.

Zawena alizigeuza pakiti, akasoma maandishi madogo yaliyo chini ya yale majina makubwa. Dawa ilikuwa ile ile moja. Viwanda viwili, rangi mbili, dawa moja, na mama wa watu alikuwa anaimeza mara mbili kila siku. Hamimu alipoambiwa alilia mbele za watu, na mimi simcheki, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kusoma maandishi madogo. Zawena akaichukua ile nyekundu, akaipeleka kwa tabibu, tabibu akathibitisha na kuandika upya kadi: ya bluu peke yake, kimoja, asubuhi.

Lakini jicho la Zawena liliona na jambo la pili. Alipohesabu vidonge vilivyobaki, vilikuwa vimepungua zaidi ya idadi ya siku zilizopita tangu apewe. Alimuuliza Bi Tausi, akanuna. Akamuuliza kwa njia nyingine, akakaribishwa chai nyingine. Zawena alijua kuna kitu, na akajua pia kwamba yeye hatakipata. Akarudi akamwambia Yusta.

Yusta alikwenda na mikono mitupu, akakaa jikoni, akaomba apewe vitunguu amenye. Walizungumza habari za mtaa hadi vitunguu vikaisha. Ndipo akamwomba Bi Tausi amweleze, kama anamweleza mtu asiyejua kitu, jinsi anavyokunywa dawa yake.

Bi Tausi akaeleza kwa fahari. Kimoja asubuhi. Kisha mchana anajisikiliza. Kichwa kikiwa kizito, anaongeza nusu. Akiwa na shughuli kubwa kesho, anaongeza kimoja kabisa ili kazi imkute amejiandaa. Akijisikia mwepesi, anaruka siku mbili. Alikuwa anapika presha yake, jamani. Anaonja, anaongeza, anapunguza, vile vile alivyofanya kwenye sufuria kwa miaka arobaini.

Mwingine angemgombeza. Yusta aliendelea kufuta machozi ya vitunguu, kisha akauliza.

"Mama, chumvi ikizidi ulimi unakwambia. Presha unaionja na nini?"

Bi Tausi akataja kichwa kizito. Yusta akamkumbusha kwamba siku aliyoanguka kichwa kilikuwa kizito vile vile, na presha ilikuwa chini. Akamwambia presha haina ladha, ndiyo maana ina mashine, na ndiyo maana kipimo chake hakiachiwi mtu ajikadirie, hata awe na kiganja kama chake. Bi Tausi akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa.

Hapo ndipo Yusta alipocheka kile kicheko chake. Akamuuliza, msichana anapokuja kujifunza pilau na kusema ameelewa, yeye hufanyaje? Bi Tausi akajibu kwamba hamsikilizi, anampa sufuria. Basi Yusta akamkabidhi pakiti ya bluu.

Mara ya kwanza Bi Tausi alieleza vizuri hadi mwisho, akamalizia kwa nusu ya kuongezea, kwa mazoea. Yusta akasema rudia. Mara ya pili akakwama alipoulizwa afanye nini akisahau kunywa siku moja. Yusta akamfundisha kwamba hafidii kwa viwili siku ya pili. Mara ya tatu alikwenda moja kwa moja bila kukwama. Kisha akapata wazo lake mwenyewe. Alikuwa na kopo la viungo la zamani, lenye vibakuli saba vidogo ndani. Akaliosha, akalikausha, akakata vidonge pamoja na karatasi zake ngumu, kimoja kila kibakuli, akaliweka lile kopo juu ya kabati wajukuu wasikofika. Yusta alikwenda tena wiki iliyofuata, na wiki ya tatu, akihesabu vibakuli. Presha ilipopimwa mwisho wa mwezi ilikuwa imetulia kuliko miaka mitatu yote.

Bi Tausi akafanya dua ya shukrani, na baada ya watu kula alisimama. Alisema siku ile kando ya sufuria alipofumbua macho alijua karibu aondoke na kitu ambacho si chake peke yake. Kwa hiyo ile siri ya bibi yake anaitoa, na atampa mtu aliyemrudishia uhai wake. Watu wakashangilia. Halafu mmoja akauliza ni nani huyo, na shangwe ikafa pale pale.

Ujiji ikagawanyika. Madereva wa bajaji walikuwa wa Gwasa. Walisema hao wengine wawili walikuja kwa mtu aliye hai, na aliye hai ni kwa sababu ya mtu aliyethubutu kusema subirini. Wapishi wenzake wakasema Gwasa alimwokoa siku moja tu. Asingekuja Zawena, Bi Tausi angerudi kwenye pakiti mbili na kuanguka Ijumaa. Walimu wa shule nao wakamshika Yusta: pakiti nyekundu iliondolewa, sawa, lakini mkono unaoongeza ulibaki, na pakiti moja inatosha kuua. Mzee Rukonge alijitokeza kusema siku ile yeye ndiye aliyetoa gunia la mchele. Aliombwa akae.

Wauguzi wenyewe walipoulizwa, kila mmoja aliwasifu wawili wengine, na kila mmoja akamalizia kwamba akipewa hatakataa. Nawapenda kwa ukweli wao.

Basi Jumamosi moja Bi Tausi akawaalika wote watatu. Mchele umeoshwa, vitunguu vimekuwa rangi ya kahawia, nyama imeiva, na ile dakika ikafika. Akawatoa watu wote jikoni. Wauguzi watatu wakasimama mlangoni, Gwasa, Zawena na Yusta, na yeye akawatazama mmoja mmoja, macho yamemjaa maji.

"Nikimwita mmoja, nimewakosea wawili," alisema. "Nisipomwita mtu, siku nikienda, bibi yangu anakufa mara ya pili."

Sufuria inachemka na haisubiri. Mkinijibu watatu wote wapewe, mmevunja sharti la marehemu. Mkinijibu waokote karatasi za kura, basi mnampa siri mwenye bahati, na bahati haikumponya mtu. Na msinitazame mimi, nina jibu langu na nimegombana na mume wangu kwa ajili yake miaka sita. Bi Tausi anyooshe kidole sasa. Aliyezuia mkono, aliyepekua kikapu, au aliyefundisha hadi ikakaa: wewe ungekuwa yeye, ungemwita nani aingie?