Mwantumu na Mlango Uliofungwa

Jumatano, tarehe tisa Aprili, saa kumi kamili alasiri, Khatibu alifunga mlango. Dakika ishirini baadaye, kazi ya dada yake ikabisha hodi.

Mlango wenyewe haukuwa wa mbao. Khatibu, mtu wa Tanga, alikuwa bawabu wa programu ya kompyuta inayotunza kadi za chanjo za watoto katika zahanati nyingi. Haikuwa mali ya mtu mmoja. Mamia ya watu wa miji mbalimbali waliiandika kwa kujitolea, kila mmoja kipande chake, na wengi wao hawakuwahi kuonana. Kila baada ya wiki kumi walifungua mlango wa kazi mpya kwa siku kumi na nne. Kisha wakaufunga, ili kilichoingia kijaribiwe kwa utulivu kabla hakijafika zahanati. Aliyechelewa alingoja mlango ujao.

Dada huyo, Mwantumu, ndiye aliyemfundisha kazi hii. Sasa alikuwa amelazwa hospitalini, na madaktari walikuwa wameacha kutaja siku ya kutoka. Mwaka mzima alishughulikia jambo moja tu: mtoto akihama kijiji, zahanati mpya imtambue, asianze kadi upya.

Wenzake wakaanza kumwandikia Khatibu. Wengine walimsihi amwonee huruma mgonjwa, kwani wiki kumi kwake ni umri. Zamda wa Kigoma, mwenye ulimi wa pilipili, akaandika, "Bawabu, mimi ulinirudisha kwa kuchelewa dakika tatu tu. Leo tuone kama damu ni nzito kuliko saa yako."

Khatibu akaweka simu kando. Hata barua iliyokuja na kazi ile hakuthubutu kuifungua. Akiipokea kazi, dada yake angefurahi leo hii, angali hai. Akiikataa, huenda angekufa akijua kwamba mdogo wake alimfungia mlango.

Mvua ya masika ilikuwa ikinyesha taratibu. Khatibu akaswali, akabaki juu ya msala, usingizi ukamwiba. Akaota yuko msikitini, paa halionekani, mvua inashuka ndani wala hailoweshi mtu. Swala imefika rakaa ya tatu. Mwantumu akaingia, nguo nyeupe, miguu mikavu. Hakumwambia imamu aanze upya. Alisimama safu ya nyuma, akafuata pale walipofika, na wenzake walipotoa salamu, yeye akainuka polepole kutimiza zilizobaki. Hakuna aliyemfukuza.

Alipozinduka, akaenda hospitalini.

"Dada, nimefunga mlango," alisema, macho sakafuni. "Kazi yako imebaki nje."

Mwantumu akacheka kicheko chembamba. "Barua yangu umesoma?"

"Sijaifungua."

"Bawabu gani anaogopa barua? Ifungue."

Khatibu akaisoma kwenye simu: Najua mmefunga. Nimeituma leo ili amana isinifie mkononi. Iweke kwenye foleni. Ukiiingiza kwa sababu ni yangu, nitajua sikukufundisha.

Akaushika mkono wa dada yake, wakasikiliza mvua mpaka adhana ya magharibi.

Mwantumu alifariki siku ya tisa tangu mlango ufungwe. Kazi yake ikabaki kwenye foleni, na aliyeijaribu kila siku, bila kutumwa na mtu, alikuwa Zamda. Wiki ya sita akagundua kasoro. Watoto pacha, kwa kuwa wana mama mmoja na siku moja ya kuzaliwa, walihesabiwa kuwa mtoto mmoja. Mmoja angechanjwa, mwenzake angeambiwa amekwisha kuchanjwa. Zamda akarekebisha, akaandika chini: "Jina libaki la Mwantumu. Bawabu, nisamehe ulimi wangu."

Mlango ulipofunguliwa, kazi hiyo iliingia ya kwanza. Sasa pacha wakihama, kila mmoja hufuatwa na kadi yake.

Funzo: Kuambiwa ngoja si kufukuzwa. Fikisha amana yako hata ukichelewa, wala usimwombe bawabu akuvunjie mlango unaowalinda wadogo. Na mwenzako akiiacha yake njiani, msaidie ifike.

Ewe Mola, mrehemu Mwantumu na marehemu wetu wote. Zikubali kazi walizotuachia mikononi, na uwafungulie mlango usiofungwa. Amin.