Mzinga wa Chumvi na Shimo la Nguruwe

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa au ni mwayo? Aliyeshiba asiwajibie wenye njaa, kila mtu na mdomo wake. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata kale yenyewe ilikuwa bado inatambaa, palikuwa na kijiji mlimani. Jina lake silitaji, kwa sababu wajukuu wa watu hao wapo, na wana mikono mizito. Kijiji kilikuwa na ndizi. Kilikuwa na maharage. Kilikuwa na maji baridi ya kuuma meno. Kitu kimoja tu hakikuwa nacho: chumvi.

Chumvi ilikuwa mbali. Unashuka mlima, unavuka nyika, siku nne, mpaka kwenye ziwa lililokauka likabaki jeupe kama jicho la kipofu. Huko waliikata chumvi vipande, wakaipanga ndani ya gome la mti, wakalikunja na kulifunga kwa kamba. Likawa pande refu, umbo la mzinga wa nyuki, urefu wa mtu mzima aliyelala. Wakaliita mzinga wa chumvi. Juu ya ngata, kichwani, uko salama. Ukianguka, kwa! Gome limepasuka, chumvi imeingia mchangani, na kijiji kizima kitakula mboga chapwa mwaka mzima huku mbuzi wakilamba udongo kwa furaha.

Ndiyo maana safari ya chumvi ilikuwa ya watu wawili, mzinga mmoja. Mmoja hubeba, mwenzake hutangulia na mkuki na kibuyu cha maji. Wakichoka hubadilishana. Kuutua ni kwa watu wawili, kuutwika ni kwa watu wawili. Mtu peke yake hawezi, hata awe na kifua kama mlango wa boma. Watu wa kule walikuwa na msemo: chumvi ni kichwa kimoja na mikono minne.

Mwaka huo walitumwa Sengasu na Kilave. Hawa walikuwa marafiki na watani tangu hawajaota meno. Kilave alikuwa na mdomo usiolala. Sengasu alikuwa na shingo ndefu, nene, na Kilave alimwambia kila asubuhi kwamba shingo ile aliumbiwa twiga, twiga akaikataa kwa sababu ya uzito.

Wakaenda. Siku nne. Wakakata chumvi. Wakaanza kurudi. Siku ya kwanza, salama. Siku ya pili, salama. Siku ya tatu, maji yakapungua, wakagawana kwa funda, salama.

Asubuhi ya siku ya nne, zamu ilikuwa ya Sengasu. Kilave akashika huku, Sengasu huku, hee, hoo, kichwani. Wakatembea. Ta, ta, ta. Kilave mbele anatania, Sengasu nyuma anacheka kwa pua, maana mwenye chumvi kichwani hacheki kwa mwili.

Mara, fwaa! Mbele hakuna mtu.

Sengasu akasogea hatua moja. Nyingine. Chini ya majani yaliyotandazwa palikuwa na shimo, mtego wa nguruwe, lenye kina cha watu wawili. Chini kabisa, Kilave. Kibuyu kimevunjika. Mguu umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Kilave akasema mguu umekwenda, akamwomba atue mzigo amshushie kamba.

Sengasu akasimama ukingoni. Shingo imekaza, jasho linamwingia machoni, na mikono yote miwili iko juu imeshika chumvi ya kijiji.

"Nikiutua," akasema, "nani atanitwisha?"

Sauti ikatoka chini, sauti isiyokuwa na utani hata chembe.

"Sengasu, mimi niko shimoni."

"Naona. Nakwenda kuita watu. Nakwenda, narudi."

Akaondoka. Ta, ta, ta. Nyuma yake jina lake liliitwa mara tatu, kisha njia ikapinda.

Wenzangu, msimhukumu upesi. Alipoondoka pale alikuwa anakwenda kuita watu kweli. Nakwenda, narudi, akasema moyoni. Ta, ta, ta. Nakwenda, narudi. Lakini njia ni ndefu, na kichwa chenye chumvi juu bado kina mawazo ndani. Akawaza: nikifika nitasema Kilave yuko shimoni. Wataniuliza, ulimshushia kamba? Nitasema sikumshushia. Wataniuliza kwa nini. Nitasema mikono ilikuwa na chumvi. Wataniuliza, chumvi ni ndugu yako?

Kila alipofika kwenye swali hilo alirudi mwanzo akajaribu njia nyingine, na kila njia ilimrudisha pale pale. Akayaona macho ya Nashera, mke wa Kilave. Akayaona macho ya Bibi Nambua, hayo ndiyo mabaya zaidi.

Huyu Bibi Nambua ndiye mzee tunayemkumbuka mpaka leo. Hakuwa mganga, hakuwa chifu. Alikuwa bibi mfupi aliyewahi kuiendea chumvi mara sita enzi za usichana wake, mpaka utosi ukawa bapa. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Watu wawili waliwahi kugombania mbuzi siku nzima. Yeye akauliza mbuzi huyu anapenda jani gani. Mmoja akajibu, mwingine akatazama juu. Kesi ikaisha, uji ukiwa bado wa moto.

Sengasu akapandisha mlima. Adhuhuri akawa mlangoni mwa kijiji. Wanawake wakamwona, wakapiga vigelegele. Wanaume wanne wakamkimbilia wakamtua mzinga taratibu, kama wanamlaza mtoto. Mtu akauliza, Kilave yuko wapi?

Hapo ndipo simba alipoingia mdomoni mwake bila kubisha hodi.

"Simba," akasema Sengasu. "Siku ya kwanza ya kurudi. Alimchukua mchana kweupe."

Vigelegele vikageuka kilio. Nashera akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akachota vumbi akajimwagia kichwani. Watu wakamshika Sengasu mabega, wakamwita mwanamume, wakamsifu kwa kurudi na chumvi ilhali amefiwa njiani. Na kadiri walivyomsifu ndivyo alivyozidi kutazama njia aliyotoka.

Akajipangia mpango mpya. Nitanywa maji. Nitachukua kamba nyuma ya nyumba. Nitatoroka nimtoe mwenyewe, tutaafikiana njiani, tutasema simba alimwachia. Nakwenda, narudi.

Lakini kijiji kile kilikuwa na desturi, na desturi haijui haraka za mtu. Aliyeleta chumvi haondoki uwanjani mpaka kila nyumba imeleta chungu chake, naye amekitia chumvi kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba zilikuwa arobaini na tatu.

Chungu cha kwanza. Akatia. Akatazama jua.

Chungu cha tano. Huyu mama anataka kusimulia alivyoota ndoto mbaya juzi. Akatia. Akatazama jua. Limeanza kuinama.

Chungu cha kumi na moja. Babu mmoja anaonja, anasema ongeza, anaonja, anasema umezidisha. Sengasu akahisi kulia. Kule nyikani jua likizama fisi hutoka, na fisi hawaogopi shimo. Hulizunguka tu, wakangoja.

Bibi Nambua alikuwa ameketi kando ya mzinga, analipapasa gome lake kutoka ncha hii mpaka ncha ile. Akaomba vyungu vingoje kidogo.

"Sengasu, baba," akasema. "Nimezika watu wengi. Anayelia hutazama chini. Wewe unatazama jua. Una miadi?"

Akajibu hana, ni uchovu tu.

Bibi akamuuliza, baada ya mwenzake kuchukuliwa alilala njiani mara ngapi. Sengasu akasema mara tatu. Bibi akauliza, je, alilala na mzinga kichwani? Watu wawili wakacheka, wakakumbuka kuna msiba, wakafunika midomo. Sengasu akasema hapana, aliutua.

"Peke yako?"

"Peke yangu, bibi."

"Na asubuhi ukajitwika."

"Nilijitwika, bibi. Uchungu ulinipa nguvu."

Bibi Nambua akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akasema yeye alienda chumvini mara sita na hakuwahi kuona jambo hilo, na umri umekwenda, asingependa kufa kabla ya kuliona. Akaomba watu wasogee. Akamwambia Sengasu ajitwike.

Mtu mmoja akasema chumvi itamwagika. Bibi akasema imwagike, tutakula chapwa.

Watu wakasogea. Kuku wakabaki katikati, ko, ko, ko. Sengasu akachuchumaa. Akashika katikati. Akainua. Ncha ya mbele ikaning'inia, gome likalia, kriii. Akaishusha. Akashika ncha moja, akaisimamisha, akaingiza kichwa chini. Mzinga ukayumba huku, yeye akayumba kule, wakacheza ngoma isiyo na wapigaji. Kriii. Kriii.

Kwa!

Gome likapasuka urefu wote. Chumvi nyeupe ya mwaka mzima ikatawanyika miguuni pake, nusu kwenye gome, nusu mavumbini. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Huu mzinga umeingia hapa hauna ufa," Bibi Nambua akasema polepole. "Basi nijibu moja tu, nikuache. Nani alikutwisha asubuhi ya leo?"

Sengasu alifungua mdomo amwite simba. Simba hakuja.

"Kilave," akasema.

Nashera alikuwa wa kwanza kusimama. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza wapi.

Wakakimbia. Wanaume kumi, Nashera na kamba begani, Sengasu mbele kwa sababu yeye pekee ndiye aliyelijua shimo. Tu-tu-tu-tu. Mlima ukabaki nyuma. Jua likawa kiganja kimoja juu ya nyika. Tu-tu-tu-tu. Vidole vitatu. Sengasu alikosea njia mara moja, penye vichuguu viwili vinavyofanana, na walipoirudia njia yenyewe hapakuwa na aliyemtukana, jambo lililomuumiza kuliko tusi. Vidole viwili.

Pembeni mwa shimo, mchangani, palikuwa na nyayo za fisi. Mbichi.

Nashera akaita. Kimya.

Akaita tena. Kimya. Sengasu akaziba masikio kwa viganja kama mtoto, maana kimya kile kilikuwa na kelele.

Akaita mara ya tatu. Kisha sauti kavu ikapanda kutoka chini.

"Chumvi imefika?"

Nashera akacheka na kulia kwa pamoja, akamwambia imefika, aliyechelewa ni yeye. Wakamvuta. Alikuwa amekaa chini ya ukingo siku nzima akirusha mawe, mpaka mawe yakabaki mawili. Alipotolewa alimtazama Sengasu mara moja tu, akageuza uso, akaomba maji.

Siku ya pili kijiji kikakutana. Wapo waliotaka Sengasu atupwe katika shimo lile lile. Wapo waliotaka afukuzwe, mke wake arudishwe kwao. Sengasu alisimama katikati, amevaa nguo yake nzuri, maana hakujua ni siku ya kufa au ya kuondoka, na zote mbili alitaka aonekane nadhifu.

Bibi Nambua akamuuliza aliogopa nini pale ukingoni. Sengasu akasema aliogopa kukosa wa kumtwisha.

"Basi umkose," akasema Bibi.

Akatoa hukumu. Sengasu atakaa kijijini. Atasalimiwa. Atapewa moto na chakula. Lakini hakuna mkono wa mtu yeyote utakaomtwisha wala kumtua. Mke wake akauliza, hata mimi? Bibi akasema hata wewe. Mtu akauliza mpaka lini. Bibi akasema hilo halimo mikononi mwake.

Wengine walicheka, wakaona adhabu ni ndogo kama mavi ya panya. Mwezi haukuisha wakaacha kucheka. Sengasu alikwenda mtoni mara kumi pale wengine walipokwenda mara moja, maana alibeba maji ya kiasi cha kuinua mwenyewe. Kuni zake zilikuwa za mkono mmoja. Mavuno yalimchukua mwezi, tembo wa jirani wakamsaidia kuyamaliza. Boriti ya nyumba yake ilioza, na mpya ililala uani misimu minne, ikaota uyoga. Mtoni wenzake walitwishana huku wakipiga soga, hee, hoo, wakaondoka, yeye akabaki na kibuyu chake kifuani. Walimsalimia vizuri. Hapo ndipo ilipochoma.

Miaka ikapita. Bibi Nambua akafa, akiwa mzee wa kutosha, amelala kwenye mkeka, amekwisha kula.

Aliyewahi kuiendea chumvi huzikwa na walioiendea chumvi. Machela yake ilishikwa na wanne, kila mmoja na pembe yake begani, na Kilave akapewa pembe ya nyuma. Makaburi yalikuwa juu ya kilima. Mguu wa Kilave ulikuwa umeunga vibaya, mfupi kuliko mwenzake. Kila alipokanyaga, machela iliinama. Bibi akateleza shubiri moja. Akateleza nyingine. Wanawake wakashika vifua. Bibi wa watu aliyesimama wima maisha yake yote, karibu aanguke mbele ya kijiji siku ya mwisho.

Kilave akasema wasimame. Akapumua. Akatazama nyuma ya msafara, mahali ambapo mtu mmoja alikuwa akitembea peke yake miaka yote.

"Sengasu. Njoo."

Sengasu alitazama nyuma yake kuona kama kuna Sengasu mwingine. Hakuna. Akaja, miguu mizito, akasimama chini ya pembe ile, mikono imening'inia. Hakujua aiweke wapi.

Kilave akaushika mti wa machela kwa mikono yake miwili, akauinua, akauweka begani mwa Sengasu. Akausogeza kidogo usimkwaruze.

"Taratibu," akasema. "Njia ina mashimo."

Wakapanda.

Wenzangu, wazee walituachia neno: mzigo ukikuzuia kumpa mwenzio mkono, umeshakushinda, hata kama bado uko kichwani. Hadithi yangu ikaishia pale kilimani. Mimi nilishuka na waliokuwa na njaa, na kama kuna maharage yaliyotiwa chumvi, nionyesheni chungu kiko wapi.