Kwa Nini Nyimbo Huzeeka

Zamani, nyimbo hazikujua kuzeeka. Katika kijiji cha Kwa Mbago watu walitahiriwa, wakaoana na wakavuna kwa wimbo mmoja, na mwenye wimbo huo alikuwa Bi Mashavu. Aliurithi kwa mama yake, na jina la mama lilikuwa ndani yake. Kila ulipoimbwa, alihisi marehemu ameitwa na ameitika.

Ngoma ya kijiji iliwambwa ngozi ya mbuzi. Mwaka wa kumi ngozi ikalegea, sauti ikawa ya kukoroma kama mzee aliyeshiba. Vijana, wakiongozwa na Mwanjaa, mjukuu wa Bi Mashavu, wakaomba kuwamba mpya. Bi Mashavu akakataa katakata. Alijua ngozi mpya ina sauti kali, na wimbo wake wa taratibu usingekaa juu yake. Aliogopa jina la mama yake litapotea.

Siku ya harusi ya Mwanjaa, Bi Mashavu akaipasha ngoma moto kwa mkono wake, kama ilivyo desturi. Ngozi iliyochakaa hutaka moto wa mbali. Yeye, kwa hamu ya kuirudisha sauti ya zamani, akaisogeza karibu, akaisogeza tena. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka; hii yake ilipasuka hata kabla ya kulia. Bi Mashavu akalia mbele za watu bila kujificha.

Mwanjaa hakumlaumu. Vijana walikuwa wameanika ngozi mpya kwa siri, wakaileta na kuiwamba papo hapo. Mwanjaa akakata ukanda wa ile ya zamani, akaufunga kiunoni mwa ngoma, kisha akamkabidhi bibi yake kigongo cha kupigia.

"Anza wewe, bibi," akasema. "Sisi hatujui pa kuanzia."

Bi Mashavu akapiga pigo la kwanza la wimbo wa mama yake. Vijana wakalidaka, wakaenda nalo mbio asizozizoea. Akanung'unika kwamba hizo ni kelele, hata akasikia, katikati ya kelele zile, jina la mama yake, na kidole gumba cha mguu wake kikaanza kufuata pigo.

Na tangu siku hiyo, kila miaka kumi hivi, ngozi ya ngoma ichokapo, nyimbo nazo hubadilika, na mzee ndiye hupiga pigo la kwanza. Bibi yako akikuambia nyimbo za leo ni kelele tupu, usibishane naye. Mtazame kidole gumba cha mguu.